Sauti ya Nakiete wa Miaka Sita

Gemu ilikataa faili la kwanza, ikakataa la pili, na la tatu ikalipokea kisha ikalitema. Nakiete hakushangaa. Kitongoji ilikuwa gemu yenye madeko: sauti lazima iwe ya mfumo inaoutaka yenyewe, isiwe na mwangwi, jina la faili lisiwe na nafasi katikati, na ukikosea kimoja inanuna tu, haikuambii umekosea wapi.

"Haya, nuna," aliiambia kompyuta. "Mimi nina siku nzima."

Alikuwa mezani, sebuleni kwa mama yake, Usangi, juu milimani Upare, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Upande wa pili wa sebule mama yake, Bibi Nanzia, alikaa kitini na miwani ya gemu usoni, akicheka. Ungesema anacheka peke yake. Kwa hesabu zake mwenyewe alikuwa na binti yake wa miaka sita.

"Mama, mbuzi amekula kitenge chako!" ilisema sauti ya mtoto kutoka kwenye spika ndogo iliyowekwa dirishani.

"Kile cha maua?"

"Kile cha maua!"

"Basi Jumapili tutaenda naye kanisani. Ameshavaa."

Mtoto akaangua kicheko. Nakiete naye akacheka, halafu akanyamaza, maana kicheko kile kilikuwa chake. Kilikuwa chake miaka thelathini na mitano iliyopita, kabla hajang'oka meno ya mbele.

Zahanati ya kata ndiyo iliyomwandikia mama gemu, kama zamani walivyoandika vidonge: kutwa mara mbili, baada ya kula. Wakati huo wazee wote waliopatwa na ugonjwa wa kusahau walikuwa wakiandikiwa. Mgonjwa anavaa miwani, anaingia kwenye kijiji kinachofanana na alichokulia, anachota maji, anapalilia, anazungumza na majirani, na kwa saa chache hofu inamtoka. Shida ni kwamba majirani waliokuja na gemu walikuwa wakiongea Kiswahili cha matangazo ya uwanja wa ndege. Bibi Nanzia aliwavumilia siku mbili. Siku ya tatu aliivua miwani akasema watu wale hawakulelewa na mtu.

Nakiete aliwahi kuwa mtundu wa magemu. Enzi zake za chuo, Arusha, alijulikana kwa modi moja tu, badiliko la gemu alilolitunga mwenyewe, ile iliyoondoa honi kwenye gemu ya magari ya mashindano na kuweka mlio wa mbuzi, na watu walioipakua walikuwa wengi kuliko walioisoma tasnifu yake. Kwa hiyo aliporudi nyumbani kumuuguza mama alijua pa kuanzia. Aliifufua simu ya zamani iliyokuwa ikikaa kabatini, ile ambayo mama alikuwa akiitumia kumtumia baba ujumbe wa sauti alipokuwa mgodini Geita. Kila jioni mama alimshikia mtoto simu mdomoni: mwambie baba umekula nini, mwambie mbuzi amefanya nini. Na mtoto alieleza, maana alikuwa na mdomo.

Aliyatoa mafaili yale, akayasafisha, akayageuza yawe ya mfumo unaotakiwa, akayapandikiza kwenye gemu. Sauti iliyopandikizwa hivyo mafundi huiita mbegu. Ukiipa gemu sauti ya kutosha, usiku mmoja inaota, na asubuhi mhusika anaamka akiongea kwa sauti ile mambo ambayo mwenye sauti hakuwahi kuyasema. Hivyo ndivyo Nakiete mdogo alivyozaliwa mara ya pili, ndani ya Kitongoji, na mama akarudi kula, akarudi kuoga bila kugombana na mtu, akarudi kucheka.

Mdogo wake Nakiete, Eliakunda, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alisema dada yake anastahili kujengewa sanamu.

Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na Nakiete mwingine.

*

Kila asubuhi mama alimsalimia. "Shikamoo, dada."

Na alikuwa na haki. Akilini mwake yeye alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto mmoja na mume aliye mbali. Mbele yake alisimama mama mtu mzima, mnene kidogo, mwenye miwani ya kusomea. Adabu ilimtaka amwamkie mkubwa. Lakini Nakiete angewezaje kumjibu mama yake mzazi "marahaba"? Ulimi uligoma. Kwa hiyo naye alijibu, "Shikamoo, mama," na wanawake wawili walibaki wameamkiana bila wa kuitikia, kila mmoja akimwona mwenzake ana heshima za ajabu.

Hilo alilizoea. Ambalo hakulizoea ni siku alipokuwa akimenya ndizi jikoni akasikia sauti yake ya utotoni ikiuliza dirishani: "Mama, yule dada anayekaa kwako ni nani?"

"Ni mgeni tu," mama alijibu. "Sijui walikomtoa. Lakini ana roho nzuri, usimsumbue."

Nakiete aliweka kisu chini. Alimwonea wivu mtoto yule, wivu wa wazi kabisa, na alijua ni upuuzi mtu kujionea wivu mwenyewe. Jioni ile ile alimwandikia mtoto sentensi ya kusema. Kesho yake mtoto akaisema vizuri, kwa sauti safi: "Mama, yule dada ni mimi nikiwa mkubwa."

Mama aliivua miwani. Alimtazama Nakiete kwa jicho ambalo Nakiete alilikumbuka tangu siku alipovunja chungu akasingizia paka.

"Dada, nimekukaribisha kwangu. Kwa nini unamfundisha mwanangu uongo?"

Kwa siku mbili hakugusa chakula kilichotoka mkononi mwake. Nakiete akaifuta ile sentensi.

"Wewe una nafuu," Eliakunda alimwambia kwa simu. "Mimi kwa mama bado hata sijazaliwa. Niliongea naye juzi akaniuliza natokea ukoo gani."

"Elia, sitanii."

"Najua, dada. Lakini mama anafurahi. Anakula. Wewe unataka nini zaidi?"

Alichotaka alikijua, ila kukitamka mbele ya mdogo wake kulimshinda. Alitaka mama amjue kabla hajafa. Mara moja ingetosha, hata kwa dakika.

*

Mafaili yaliyokataliwa siku ile yalikuwa mapya. Nakiete mdogo alikuwa ameanza kuishiwa maneno. Mama akimuuliza habari ya shule, au mvua, au shangazi wa Same, mtoto alirudia hadithi ya mbuzi na kitenge, na uso wa mama ulianza kuingia wasiwasi. Mbegu ilihitaji sauti zaidi. Nakiete alichimba tena kwenye ile simu akakuta folda aliyoiruka mwanzoni, yenye ujumbe mwingi wa mwaka uliofuata.

Sauti ndani ya kompyuta ni sawa na mkate uliokatwa vipande. Simu ya kwanza ya mama, ya bei rahisi, ilikata kila sekunde moja vipande elfu nane. Ukitaka kuisikia sawasawa lazima uiambie gemu: kwa sekunde, kula vipande elfu nane. Lakini katikati ya mwaka ule baba alileta simu mpya kutoka Geita, na kadi ya kumbukumbu ikahamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine na kurudi. Simu mpya ilikata vipande elfu kumi na sita. Ukiiambia gemu ile elfu nane kwa sekunde, neno la sekunde moja litachukua sekunde mbili, na sauti itashuka chini mpaka mtoto asikike kama mtu mzima aliyelemewa.

Nakiete aliyajua haya yote. Alikuwa amewafundisha wengine mtandaoni, tena kwa maringo: sikiliza kwanza, ndipo upandikize. Lakini mafaili ya kwanza yalikuwa ya elfu nane, akaamini na haya ni yale yale, akatumia mpangilio ule ule kwa yote kwa mkupuo. Gemu iliponuna alihangaika na majina ya mafaili. Ilipokubali, uji ulikuwa unafurika jikoni. Alibonyeza kitufe cha kupandikiza akakimbilia jiko, na asubuhi iliyofuata, baada ya chai, akamvalisha mama miwani kama kawaida.

"Nakiete," mama aliita kwa furaha. "Umeamkaje?"

"Niii...mee...aamkaaa, maaamaa."

Sauti ilikuwa nzito, ya chini, ikijikokota. Nakiete aliruka kutoka kitini. Alijua kosa lake pale pale, hata kabla neno halijaisha.

"Mwanangu, una nini?"

"Siii...naa kiiituu."

Mama aliitupa miwani sakafuni. Mwanamke huyu ambaye kwa miezi mingi hakusimama bila kushikwa mkono, alisimama. Alikwenda chumbani kumtafuta mtoto, akainama chini ya kitanda, akafungua kabati, akarudi akipapasa ukuta, akaufikia mlango wa nje. Nje kulikuwa na manyunyu.

"Dada, nisaidie! Mtoto wangu anaumwa. Sauti imemzama kifuani. Nipe khanga nimbebe, twende zahanati."

"Mama, kaa kidogo. Hajambo, ni kompyuta tu..."

"Wewe hukumsikia? Una watoto wewe?"

Kurekebisha kosa ilikuwa kazi ya kubadilisha tarakimu moja. Kuota kwa mbegu ndiko kulikochukua usiku mzima, na hakukuwa na njia ya mkato. Mama alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje, peku, akiita jina ambalo mwenye nalo alikuwa amesimama nyuma yake.

Basi Nakiete akafanya jambo ambalo hakulipanga. Alilala kwenye kochi, akajikunja magoti yakagusa tumbo, akaita.

"Mama. Niko hapa."

Sauti ikatoka nzito kwa machozi, ikijikokota, haina tofauti na ile ya dirishani.

Mama aligeuka. Alimtazama kwa muda. Kisha akaja mbio mbio kwa miguu yake mibovu, akapiga magoti, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, halafu shingoni, halafu kifuani chini ya ukosi wa gauni, kwa utaratibu ule ule wa zamani.

"Huna homa," alisema. "Ni baridi. Nilikwambia usicheze kwenye umande, nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mama."

"Na wewe ukasikia?"

"Sikusikia."

"Ndiyo kawaida yako."

Mama akapanda kwenye kochi kwa shida, akakiweka kichwa cha Nakiete mapajani pake. Akamvua miwani ya kusomea bila kuuliza mtoto wa miaka sita anaitumia kufanya nini. Akapitisha vidole kwenye nywele zake polepole, akizitenganisha, akivuma wimbo usio na maneno. Mikono ilinuka mafuta ya nazi na majivu, ingawa miaka mingi ilipita tangu iguse jiko la kuni. Nakiete alilia, na mama hakumuuliza analilia nini, maana mtoto mgonjwa hulia. Nakiete alikuwa na furaha isiyo na kipimo, na alikuwa na aibu kwa sababu ya furaha ile, na hakutaka kuinuka.

*

Alasiri Eliakunda alipiga simu, na Nakiete akamweleza yote kwa kunong'ona, amesimama jikoni.

Kisha Eliakunda akasema, "Basi usirekebishe."

"Usirekebishe nini?"

"Hayo mafaili. Acha yabaki hivyo hivyo. Mtoto akiongea vile, mama atamtafuta, na atakukuta wewe. Kila siku atakukuta wewe. Dada, si ndicho ulichokuwa unakililia? Nakusikia kwenye simu tangu mwaka jana, usifikiri sisikii."

Kutokea mlangoni Nakiete alikuwa akiona sebule. Mama alikuwa bado kwenye kochi, ameshika mto uliobaki mahali alipolala Nakiete. Sahani ya mchana ilikuwa mbele yake, makande yamepoa, hajayagusa. Kila baada ya muda aliuinua mto kidogo akaulaza vizuri zaidi. Saa ya mkononi ambayo zahanati ilimfunga ilikuwa ikiwaka rangi ya chungwa, maana yake moyo unakwenda mbio.

"Hali chakula," Nakiete alisema.

"Atakula baadaye."

"Hatakula, Elia. Mama akiwa na mtoto mgonjwa hali. Wewe ulipopata surua alikaa hivyo hivyo mpaka shangazi akamlisha kwa nguvu. Kama nataka anishike, lazima kila siku nimtie hofu. Kila siku nimwambie mwanao anaumwa."

"Lakini atakuwa anakushika wewe. Siyo picha. Wewe mwenyewe."

"Najua."

"Mimi ningekubali," Eliakunda alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakwambia kweli. Mimi ningekubali."

"Ungekubali kwa sababu uko Dodoma, huuoni uso wake."

Lilikuwa neno kali na alilijutia, akamwomba radhi. Kisha wakaagana.

Alirudi mezani. Alifungua folda ya mwaka ule wa pili akaanza kuyasikiliza mafaili moja moja, safari hii kwa uangalifu, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Yale ya simu ya zamani aliyatenga. Yale ya simu mpya aliyapa tarakimu yake ya haki, na kila alipofanya hivyo sauti nzito ilipanda, ikachangamka, ikawa mtoto tena anayemweleza baba yake habari za mbuzi. Kwenye faili la mwisho alisita. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kupandikiza na akili yake ikamletea hoja zote nzuri za kutobonyeza: kwamba anayo haki, kwamba kwa mama kesho haina kumbukumbu ya leo, kwamba hofu ya saa moja si kitu. Nyuma yake mama alisema kwa sauti ndogo, akiuambia mto, "Vumilia mwanangu, vumilia."

Akabonyeza.

*

Asubuhi mama alikuwa wa kwanza kuamka. Nakiete alimkuta sebuleni tayari, amejifunga khanga vizuri, macho mekundu.

"Shikamoo, dada. Mtoto wangu ameamkaje? Nimemtafuta kitandani simwoni."

Uso wake haukuwa na dalili yoyote ya kumtambua. Nakiete alijikaza.

"Shikamoo, mama. Amepona. Yuko nje anacheza. Vaa hii utamwona."

Alimvalisha miwani kwa mikono yake, akamrekebishia mkanda usimvute nywele, akarudi nyuma. Alifikiri ataondoka akachemshe chai, asisikie. Lakini alibaki.

"Nakiete?"

"Abee, mama!" Sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka, imejaa jua. "Mama, njoo uone, shangazi wa Same amekuja na miwa!"

Mabega ya mama yalishuka. Saa ya mkononi ikageuka kijani. Alivuta pumzi ndefu, na Nakiete aliyesimama karibu na meza akajua kwamba hakukosea, na kwamba kutokukosea kule kulimuuma kuliko kosa.

"Umepona, mwanangu?"

"Nimepona. Nataka kwenda kula miwa."

"Ngoja kwanza. Njoo hapa nikwambie kitu." Mama alinyoosha mkono hewani, akakishika kichwa ambacho hakikuwepo. "Jana ulipolala mapajani kwangu nilikuona una mvi. Hapa, juu ya sikio. Mvi nyingi tu."

"Mvi ni nini, mama?"

"Ni nywele nyeupe. Huwa wanazo watu walioishi sana."

"Zinauma?"

"Haziumi." Mama alicheka kidogo. "Mimi kila ukikohoa huwa nalala macho, nawaza kama huyu mtoto atafika ukubwani. Sijamwambia hata baba yako. Jana nilipoziona nikazihesabu mpaka nikachoka, nikasema Mungu asante, kumbe atafika. Tena amefika mtu mzima, mzito, mapaja yangu yamekufa ganzi."

Nakiete alijishika juu ya sikio.

"Mama, miwa itaisha," alisema mtoto.

"Haya, nenda," mama akasema, akaushusha mkono. "Nenda kacheze. Sina wasiwasi na wewe tena."